Cheti cha chenso: miaka saba nakata mikorosho, leo naulizwa karatasi

Mwana wa Kitangari

Wakuu, habari za jioni. Naomba kueleweshwa na wenye uzoefu. Kama huna jibu usije kunichekesha tu, leo sina nguvu za kucheka.

Mimi ni mkata miti, niko Kitangari, Newala. Kazi nilifundishwa na mjomba. Ule msimu wa 2017 korosho ilipogonga elfu nne kwa kilo, wenzake walinunua pikipiki na wengine wakaongeza mke, yeye akaenda Masasi akarudi na chenso, msumeno wa mnyororo, imefungwa kwenye kiroba. Bibi alimsema mwezi mzima. Msimu uliofuata mnajua wenyewe yaliyotokea, serikali ikanunua korosho yenyewe, malori ya jeshi na hela kuchelewa, na chenso ile ile ndiyo ikawa inalisha nyumba. Mimi nikawa nambebea dumu la petroli, baadaye nikapewa kukata matawi, baadaye miti. Huu ni mwaka wa saba.

Kazi kubwa huku ni mikorosho mizee. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele wamewafundisha watu kwamba mikorosho ikibanana haizai, ipunguzwe ibaki mita 12 kwa 12, na ile iliyochoka ikatwe kisiki, machipukizi yake yabebeshwe mbegu bora. Kwa hiyo korosho zikishaokotwa zote, kuanzia Januari mpaka watu wanapoanza kuwaza salfa ya kupulizia mikorosho, sikai nyumbani. Mkorosho mkubwa nalipwa elfu kumi na tano, petroli ya mwenye shamba. Kwa siku miti sita, saba, ikiwa michafu mitatu.

Sasa wiki iliyopita wamekuja watu wanaosafisha njia ya umeme, wanataka wakata miti kumi. Elfu thelathini na tano kwa siku, miezi minne, chakula juu yao. Tulijipanga pale ofisi ya kata tangu alfajiri. Nilipofika mezani yule kijana hakuniuliza nimekata miti mingapi. Aliuliza, "Cheti cha kuendesha msumeno wa mnyororo kiko wapi?" Nikamwonyesha viganja vyangu. Akacheka, wenzake wakacheka, nikatoka kwenye mstari.

Kilichoniuma zaidi: nyuma yangu alikuwepo jamaa mmoja ana karatasi ina muhuri. Akapokelewa. Nje pale wakampa mashine aiangalie, cheni imelegea inaning'inia kama mkufu, hakujua askurubu ya kukazia iko wapi. Nimemkazia mimi. Mimi ambaye sina cheti.

Jioni yake nikaambiwa kuna mtu kwenye steshenari fulani, duka la kutoa kopi, anakutolea cheti kwa laki moja na ishirini, jina lako, picha yako, muhuri, siku hiyo hiyo.

Maswali yangu:
Cheti halali kinapatikana wapi kwa mtu wa Mtwara au Lindi? Lazima niende darasani wakati kazi naijua, au kuna namna ya kupimwa tu? Na nikienda, watanifundisha nini ambacho mjomba hakunifundisha? Hili la mwisho nauliza kwa roho safi, sio kiburi.

Kisiki cha Mninga

Mkuu nunua hiyo ya laki na ishirini uende kazini. Siku nne za kibarua inarudi na chenji. Kwani huo mti utakuuliza cheti?

Mkata Nguzo

Kisiki, wewe hapo umemshauri mwenzio ajiuze. Akiumia na karatasi ya steshenari mfukoni, jambo la kwanza kampuni itakalofanya ni kuikagua hiyo karatasi. Ikionekana ya uongo, yeye ndiye ametapeli, habari ya matibabu inaishia hapo. Hiyo laki na ishirini ndiyo ingekuwa nauli ya kwenda kusoma.

Mwana wa Kitangari, nakujibu kirefu kwa sababu ulivyoandika ni mimi mtupu wa zamani. Mimi ni mtu wa Nachingwea. Nimekata miti miaka tisa bila cheti, na sasa mwaka wa nne nina cheti. Nitaanza na swali lako la mwisho maana ndilo lenye nyama.

Nilienda kozi fupi upande wa Iringa, nimepanda basi Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, nimefika usiku na shati la mikono mifupi. Mtu wa kusini usinifanyie hivyo. Kule Mufindi mwezi wa sita maji ya kuogea yanauma kama tindikali. Haya, tuache.

Siku ya kwanza mwalimu alitupanga watu kumi na moja, karibu wote wakata miti wa miaka mingi, vifua mbele. Akaweka mashine chini akasema mmoja mmoja aje awashe. Mimi nikaiinua, nikaitupa chini kwa mkono wa kushoto huku navuta kamba kwa wa kulia, vile tunavyowasha sote, inanguruma kabla haijafika gotini. Nikageuka nione kama wameona. Mwalimu akasema, "Wewe umeshafeli. Anayefuata." Watu tisa kati ya kumi na moja tulifeli kuwasha. Bado hatujaona hata mti.

Inatakiwa iwe chini, sehemu tambarare, breki ya cheni imefungwa, ncha ya mguu wa kulia iingie ndani ya mshikio wa nyuma uikanyage, mkono wa kushoto umenyooka umeshika mshikio wa mbele, ndipo unavuta. Ukiiwashia hewani, ile sekunde inashika moto cheni inaweza ikazunguka, na mashine imeshikwa na mkono mmoja karibu na paja. Pajani kuna mshipa mkubwa wa damu. Ukikatwa hapo porini Liwale, mwenzio hatamaliza hata kulitafuta boda.

Siku ya pili tupa. Nikajiambia hapo sasa nimefika kwangu, maana kunoa najua. Mwalimu akapima meno yangu kwa kipimo. Meno ya kulia marefu, ya kushoto mafupi, pembe kila jino na lake, wakati kwa mnyororo wa kawaida wa kukatia magogo tupa inakaa nyuzi 30 na meno yote yanatakiwa yalingane urefu. Akaniuliza, mashine yako ikikata gogo nene inavuta upande mmoja? Nikasema ndiyo, ni baa, kile chuma kirefu cheni inapozungukia, imepinda, nimeshabadilisha baa mbili. Akasema hapana, ni wewe, mkono wako wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto. Baa mbili nimetupa pesa, wakuu! Pia kuna vile vidude vifupi mbele ya kila jino vinavyopima jino lile kina gani. Mimi nilikuwa navipiga tupa chini kabisa ili mashine "ile" haraka. Kumbe ndivyo vinavyofanya iruke na kukurudia usoni.

Kipimo cha bure: angalia inachotema. Cheni kali inatema vipande vipande, cheni butu inatema unga. Ukiona unga, simama unoe, usisukume. Kwa mpingo hesabu ni nyingine kidogo, ule mti ni chuma, unanoa karibu kila ukijaza tangi.

Mti wenyewe tulifika siku ya nne. Na hapo napo hatukuanza kukata. Unauzunguka. Umeegemea wapi, una kuoza wapi, juu kuna tawi kavu limening'inia, kuna mzinga wa nyuki, kuna waya. Halafu unasafisha njia ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari, si nyuma moja kwa moja maana shina linaweza kurudi na kukufuata. Mtu mwingine yeyote akae mbali urefu wa mti mara mbili. Ndipo unakata mdomo, yaani pengo kama kabari, upande unakotaka ulale, kina chake robo ya unene au pungufu kidogo, kisha mkato wa nyuma juu kidogo ya kona ya mdomo, na katikati UNAACHA bawaba. Bawaba ni sehemu moja ya kumi ya unene. Mti wa sentimita 40, acha sentimita 4. Hiyo ndiyo inayoushika mti wakati unalala, kama bawaba ya mlango. Sisi tulikuwa tunakata mpaka mti "unakubali", yaani bawaba tunaimaliza, halafu tunakimbia tukiomba Mungu. Mara nyingi Mungu alisikia.

Sasa mkorosho, na hapa hata mwalimu wa kule misindano hakunisaidia sana kwa sababu wao miti yao imenyooka kama askari wa gwaride. Mkorosho una shina fupi na mwavuli mpana, matawi mengine yamelala chini yamejikunja yanangoja. Hatari yake kubwa siyo kuanguka, ni tawi lililobanwa. Ukilikata upande uliovutwa kwanza, linapasuka na kukupiga kama fimbo ya mwalimu wa hesabu. Anza kidogo upande uliobanwa, kisha malizia upande uliovutwa, pole pole, na usisimame upande litakakorukia. Na usikate kwa ncha ya baa. Ile robo ya juu ya ncha ikigusa kitu, mashine inakupiga teke kabla hujajua. Rafiki yangu mmoja iligusa tawi lililofichwa na majani makavu, ikapanda begani. Yuko hai, ila mkono wa kushoto hauinui ndoo ya maji mpaka leo. Naye alikuwa fundi hasa, sio mwanafunzi.

Kwa hiyo jibu ni hilo. Mjomba alikufundisha kuangusha mti. Cheti kinapima yanayotokea kabla ya mti kuanguka. Kuna wakati nilisoma utaratibu wa wenzetu. Uingereza cheti cha kwanza, zamani kikiitwa CS30, ni cha kuitunza mashine na kukata gogo lililolala. Kuangusha miti midogo kulikuwa CS31, na kupanda mtini na msumeno ni cheti kingine kabisa. Ule mfumo wa Ulaya nao una ngazi nne, ya kwanza vile vile ni matunzo ya mashine, ya mwisho ni miti iliyoangushwa na upepo. Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mwongozo wa usalama wa kazi za misitu mwaka 1998, nao unataka mwendesha msumeno awe amefundishwa na kupimwa. Yule kijana wa mezani hakukudharau bure, ingawa kucheka hakukuwa na adabu.

Wapi? Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, kozi fupi za chenso zipo pale. Moshi kuna chuo cha viwanda vya misitu, FITI. Olmotonyi kule Arusha kuna chuo cha misitu, ila kwako ni safari ya mwisho wa dunia. Kabla ya kote huko, panda gari nenda chuo cha ufundi, VETA Mtwara au VETA Lindi, uulize habari ya urasimishaji ujuzi. Huo ni utaratibu wao wa kumpima mtu aliyejifunza mtaani na kumpa cheti bila kumrudisha darasani miaka miwili. Fani zinazopimwa hazilingani kila kituo, kwa hiyo uliza kwa jina: kukata miti kwa msumeno wa mnyororo. Wakisema hawana, waulize nani anayo. Ada sitakutajia kwa sababu niliyolipa mimi si ya leo. Piga simu kwanza, usiende na mkoba.

Halafu vifaa. Unavaa nini ukikata?

Mwana wa Kitangari

Mkata Nguzo, nimesoma mara mbili, ya pili nimemsomea mjomba kwa sauti. Amekaa kimya kidogo akasema "huyo anajua". Kwa mjomba hiyo ni digrii.

Navaa jinzi, buti za mvua na miwani ya jua ya mnadani. Masikioni naweka pamba.

Kuhusu kuchanganya mafuta, tunapima kwa vizibo vya chupa ya maji. Ni sawa?

Mkata Nguzo

Vizibo acha. Oili nyingi nzuri za 2T ni moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli, lakini soma kopo na kitabu cha mashine, zipo zinazotaka moja kwa ishirini na tano. Wewe mtu wa Newala bomba la kupulizia salfa limekufundisha hilo tayari, injini ni zile zile. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, kazi imekwisha. Na oili ya cheni usiweke oili chafu iliyomwagwa kwenye lori. Najua wote tunaweka. Ina vumbi la chuma, inakula baa.

Kuhusu nguo: jinzi haizuii kitu, cheni inaipita kama karatasi. Suruali ya kinga ina nyuzi ndefu ndani. Cheni ikigusa, nyuzi zinatoka zinaisonga gia inasimama. Tafuta iliyoandikwa daraja la 1, imepimwa kwa cheni inayokwenda mita 20 kwa sekunde. Bei itakushtua na joto litakushtua zaidi. Mimi naanza saa kumi na mbili alfajiri, saa nne na nusu nimezima. Kisha helmeti yenye wavu na vikinga masikio, maana pamba si kinga, mashine inapiga kelele kupita desibeli mia. Na buti zenye chuma mbele.

Ukiajiriwa, hivyo vyote anatakiwa akupe mwajiri bila kukukata. Ndivyo inavyosema Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, wasimamizi wake OSHA. Na mwajiri ndiye anayekuchangia kule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, wewe hukatwi hata senti. Ukifika pale mezani tena, baada ya kuonyesha cheti, na wewe uliza: nimeandikishwa WCF? Uone sura zitakavyobadilika.

Bi Mkubwa wa Mahuta

Hamjambo wanangu. Mimi si mkata miti, mimi ni mwenye shamba, ekari tisa alizoacha marehemu mume wangu. Miti ilikuwa imebanana huwezi kupitisha baiskeli. Nimepunguza mpaka ikabaki ishirini na nane hivi kwa ekari kama tulivyofundishwa.

Nimeajiri vijana watatu tofauti. Wa kwanza alikuja ananuka uraka, pombe ya mabibo, saa mbili asubuhi, nikamrudisha. Wa pili aliangusha mkorosho juu ya banda langu la kuku, akaniambia upepo. Siku hiyo hata jani halikutikisika! Kuku wanne tulikula kwa lazima. Wa tatu alikuja na kofia yake na ile suruali nene, akazunguka kila mti kama anaposa, nikamwona mvivu. Alimaliza siku mbili nyuma ya yule wa kuku, lakini visiki alivyoacha vimekatwa sawa, mlalo mmoja, na machipukizi yakatoka vizuri mtaalamu wa kubebesha akafurahi. Wale wengine kisiki kilipasuka mpaka chini, kikaoza.

Nikamuuliza kama ana cheti. Hakuwa nacho. Alifundishwa na mtu mwenye nacho. Kwa hiyo mwanangu wa Kitangari kasome, ukirudi ufundishe na wenzio, na bei ukipandisha mimi nitalipa. Usipandishe sana.

Mwana wa Kitangari

Shikamoo mama. Nimekuelewa. Banda la kuku si mimi, naapa.

Mjumbe wa Kilwa

Nachangia kidogo. Niko kamati ya maliasili ya kijiji, wilaya ya Kilwa. Huku misitu ya vijiji ilishaingia kwenye hati ya FSC, ya misitu inayovunwa kwa utaratibu mzuri, tangu 2009, wakaanza Kikole na Kisangi kwa ajili ya mpingo, wengine tukafuata. Mkaguzi wa hati akija anaangalia gogo na kisiki, lakini anauliza pia aliyekata alivaa nini, alifundishwa na nani, sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa wapi siku hiyo. Kijiji kikikosa majibu kinaandikiwa dosari. Kwa hiyo mkata miti mwenye mafunzo huku hatafuti kazi, anatafutwa.

Ila naomba nikutahadharishe jambo ambalo vijana wanalichanganya. Cheti cha kuendesha mashine si kibali cha kukata mti. Mkorosho wa shambani kwa bibi ni habari moja. Mninga, mkongo, mpingo wa msituni ni habari nyingine: kibali cha uvunaji, gogo ligongwe nyundo ya alama, hati ya kusafirishia. Nimeona mtu geti la TFS, wakala wa misitu, anatoa cheti cha kozi kana kwamba ni leseni ya mbao. Mbao zilibaki getini, yeye akarudi na cheti chake.

Na mti ulio karibu na waya wa umeme, hata uwe na vyeti vitano, usiuguse kwa kibarua cha mtaani. Waite TANESCO.

Kisiki cha Mninga

Nimekubali nilikosea kuhusu cheti cha steshenari. Ila muelewe, siyo kila mtu ana nauli ya kwenda Mafinga akaache watoto wiki mbili. Hilo nalo mlijibu.

Mkata Nguzo

Kisiki, hilo ni la kweli na sina jibu zuri. Mimi niliuza magunia mawili ya mbaazi na nikakopa. Njia niliyoona inawezekana ni wakata miti kumi wa wilaya moja kujiandikisha pamoja na kuomba mwalimu aje, badala ya kumi kumfuata. Rondo kuna shamba la miti la serikali, miti ya kufanyia mazoezi haiwezi kukosekana mkoani Lindi. Anzeni na VETA, mwende na orodha ya majina na namba za simu, mtu mmoja mmoja wanamsikiliza, watu kumi wanawaandikia.

Mwana wa Kitangari, kabla hujalala kafanye jambo moja. Washa mashine yako chini kama nilivyokueleza, achia breki, ipe moto kidogo, sukuma ile kinga ya mbele, iliyo mbele ya mkono wa kushoto, ndiyo inayofunga breki ya cheni. Cheni isimame papo hapo. Niambie imesimama au haikusimama.

Mwana wa Kitangari

Nimetoka kuiangalia kwa tochi.

Mkuu, hiyo kinga haipo. Kuna matundu mawili ya askurubu tu pembeni. Miaka yote saba nilijua mashine imeumbwa hivyo. Nimemwamsha mjomba. Anasema aliitoa mwenyewe 2019 kwa sababu "ilikuwa inazuia zuia", akipiga matawi inajifunga, anapoteza muda. Iko kwenye ndoo ya misumari, sehemu moja imevunjika.

Mkata Nguzo

Ilikuwa inajifunga kwa sababu ilikuwa inamwokoa, mwambie kwa heshima.

Chukua hiyo iliyovunjika nenda nayo Masasi au Mtwara mjini kwa wauza vipuri, pamoja na namba iliyoandikwa kwenye mashine. Nunua kinga na mkanda wa breki wa ndani, yote mawili, kwa miaka hiyo mkanda utakuwa umekufa. Mpaka vifungwe usikate.

Mwana wa Kitangari

Kesho nina miti sita Mkunya. Mwenye shamba ameshanipa advansi.

Bi Mkubwa wa Mahuta

Mrudishie au mwambie asubiri. Mti haukimbii.

Mwana wa Kitangari

Nimempigia. Amenuna lakini amesema Jumanne. Kesho nachukua gari la alfajiri kwenda Masasi na kinga kwenye mfuko wa rambo, na nikitoka hapo Jumatatu naenda VETA Mtwara kuuliza. Majina ya wenzangu nimeshapata saba, Kisiki kama uko Newala nitumie lako liwe la nane.

Mkata Nguzo, ikitokea ni Mafinga: blanketi moja linatosha au mawili?

Mkata Nguzo

Mawili. Na soksi.